Ngozi ya Semkuya

Mwaka ule ruga-ruga, wale wapiganaji wa kukodiwa, walipoifunga njia ya bondeni, boma la Isungwe lilikuwa limezingirwa mwezi wa pili. Ndani yake mlikuwa na watu mia sita, ng'ombe wachache waliokonda, bunduki za gumegume mia na ushei, na baruti ya kupigana siku nane kama watu watabana sana. Miongoni mwa hao mia sita alikuwamo binti mmoja wa miaka sita, Nyamizi, pamoja na mama yake. Nawataja hao wawili mapema kwa sababu baba wa Nyamizi ndiye mwenye kisa hiki, na msipomjua mtoto hamtamwelewa baba, mtamlaani bure.

Jina lake Lutonja, Mnyamwezi wa kuzaliwa, kirangozi wa misafara kwa miaka kumi na minne. Kirangozi ndiye anayetangulia. Huvaa joho jekundu la sufu, ngozi ya mbega mabegani na manyoya ya mbuni kichwani, na hapana mpagazi anayethubutu kupita mbele yake. Halivui joho lile njiani hata jua liwake namna gani, maana wekundu wake ndio unaofuatwa na watu wote nyuma. Lutonja alilivaa lake kwa fahari, na kwa kweli lilimpendeza.

Habari za Isungwe zilimkuta kambi ya Mwegea, chini ya milima. Tajiri wa kambi hiyo, Mwinyi Hatibu, mtu wa pwani aliyekuwa na ahadi ya zamani na mtemi wa Isungwe, alimwita ghalani asubuhi moja, akamwonyesha vipipa vya baruti vilivyopangwa mpaka darini.

"Baruti hii hapa," akasema. "Wapagazi arobaini hawa hapa, ukimhesabu na mnyapara. Ila njia sina, kirangozi. Ya bondeni imefungwa."

"Iko ya juu," Lutonja akajibu.

Mwinyi Hatibu akamtazama kama anayemtazama mgonjwa. Njia ya juu ilipita Mgongo wa Ludete, mwendo wa siku mbili usio na mti wala ukuni wa kuwasha, ambako mvua ya mawe huanguka alasiri na upepo haupumziki. Wenyeji wa milimani ndio waliopita huko, wakishuka kuuza ngozi. Msafara wa mizigo ulikuwa haujapita hata mmoja.

"Watu wako watakufa kwa baridi, bwana."

"Wakivaa vizuri hawafi," akasema Lutonja. "Nipe ghala lako nichague."

Basi hapo ndipo kazi ilipokuwa, jamani, katika kuchagua. Kichwa cha mpagazi kina mwisho wake, na kila kitu cha kujifunikia kilichoingia katika mzigo kilitoa kipipa cha baruti. Kila kipipa kilichobaki Mwegea kilikuwa saa kadhaa za uhai wa Nyamizi. Lutonja alilijua hilo, na ndilo lililokuwa kichwani mwake alipokuwa akishika nguo moja baada ya nyingine.

Aliyekuwa naye ghalani ni Semkuya, Mzigua, mnyapara anayekaa mkiani mwa msafara na kuwasukuma wanaolegea. Walikuwa wamesafiri pamoja miaka kumi na miwili, na walikuwa watani. Si watani wa maneno tu. Wazigua na Wanyamwezi wana utani wa jadi, na utani ule una sheria zake. Mtani akikunyang'anya kitu chako huruhusiwi kununa, wala huruhusiwi kukidai. Unachoweza ni kungoja siku yako, na wewe umnyang'anye chake. Na mtani akifa, mtani wake ndiye anayemfukia, tena sharti amtanie pale pale kaburini, marehemu asije akaondoka na kinyongo.

Walianza na hema la turubali.

"Hili ni zuri," akasema Semkuya, "wanalala watu kumi."

"Na wanalibeba watu wawili. Likilowa, wanne. Toa."

Wakaja kwenye bushuti, zile nguo nzito za sufu zinazotoka Unguja, nyekundu na za kijivu, thelathini kwa hesabu ya macho. Semkuya alijifunika moja, akafumba macho, akakoroma kwa makusudi. "Mtani, hii hata ikilowa inatia joto. Baba yangu alikuwa nayo. Tuchukue hizi."

Lutonja akaipima mkononi. Akaipima tena. "Bushuti mbili ni kipipa kimoja," akasema. "Thelathini ni vipipa kumi na vitano."

"Na watu arobaini ni watu arobaini."

"Nimekusikia, Semkuya."

Mwisho akafika kwenye magora ya merikani, ile nguo ya pamba itokayo ng'ambo. Yalikuwa mapya, meupe, yamekakamaa, na chapa ya kiwandani ingali inang'aa. Lutonja alikunjua upande mmoja, akausugua kwa kidole gumba, akauona mnene ingawa mwepesi. Akachukua kibuyu akamwagia maji, nayo maji yakateleza mpaka chini, nguo ikabaki kavu. Uso wake ukafunguka. Alipiga mahesabu palepale: kila mtu shuka moja ya kujifunga, na kila watu wanne kipande cha kutandaza juu ya fimbo nne kiwe kibanda. Zaidi ya hayo, ng'ambo ya mgongo kuna jumbe wa kivuko anayedai hongo ya nguo kabla hajaruhusu mtu kuvuka mto, basi nguo ile ile itakayowafunika juu itawalipia chini. Mzigo mmoja, kazi mbili. Msafiri yeyote wa zama zile angeiona akili hiyo kuwa kubwa, nami nisingemcheka.

Lakini nje ya ghala alikuwa ameketi bibi mmoja wa milimani, muuza ngozi, anatafuna tumbaku yake. Alipoona magora yakitolewa, aliita.

"Mwanangu mwenye manyoya! Hizo ndizo mnapanda nazo?"

"Ndizo, bibi."

"Hizo zimepakwa uji. Ioshe moja leo, ianike, kisha uitazame. Utakachokiona kesho ndicho utakachokuwa nacho kule juu."

Wapagazi wakacheka. Lutonja hakucheka, maana alikuwa mtu wa heshima, ila alimjibu kama watu wa misafara wanavyojibu siku zote. "Bibi, nguo iliyooshwa jumbe haipokei. Anaitaka na wanga wake na chapa yake. Nikiiosha nimeiua."

"Haya. Mimi nimesema," akasema bibi, akatema tumbaku.

Ndilo kosa lenyewe. Si kwamba hakuambiwa. Aliambiwa, na alikuwa na sababu nzuri, na mpaka leo nikiifikiria sababu yake naona hata mimi ningekubali. Lakini kuosha shuka moja tu, moja! Hilo lingemgharimu nini?

Semkuya yeye hakumcheka bibi. Alikaa naye kitako, akampa kisu chake chenye mpini wa pembe, akarudi na ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa samli, pana, manyoya yake kwa ndani. Ilinuka, Mungu wangu, ilinuka hata mbwa wa kambi walimfuata. Wapagazi walimzomea kambi nzima: mnyapara mzima amekuwa mshenzi, amevaa ng'ombe!

"Chekeni," akasema Semkuya. "Kule juu mtakuja kuninusa mmoja mmoja."

Waliondoka alfajiri, baragumu likilia. Kabla ya kuanza kupanda mlima, Lutonja aligeuka kuwatazama watu wake, akamwona Semkuya ameikunja ngozi yake vizuri juu ya bega, ametuna kama bwana harusi. Utani ukamshika. Alirudi nyuma kwa hatua ndefu, akainyakua ile ngozi, akairusha begani kwake juu ya joho.

"Utani huo!" akapiga kelele. "Leo ng'ombe amepata mchungaji!"

Watu wakaangua kicheko. Semkuya aliitazama ngozi yake ikienda mbele, akapiga makofi mara moja kukubali kushindwa. "Sawa, Mnyamwezi. Sidai. Lakini siku nitakayochukua changu kwako, utalia."

Lutonja alikusudia kumrudishia jioni. Hilo nalisema kwa uhakika wote, maana alilisema yeye mwenyewe mara nyingi baadaye, kwa watu waliouliza na kwa wasiouliza.

Siku ya kwanza ilikuwa njema, na jioni yake Lutonja hakuikumbuka ngozi. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, walikuwa katikati ya mgongo, majani mafupi pande zote na mawe meupe, hakuna pa kujificha, wakati mbingu ilipogeuka rangi. Ilianza mvua. Kisha mvua ya mawe. Kisha mvua tena, ya baridi, inakuja ubavuni kwa upepo.

"Vibanda!" Lutonja akaamuru, na watu wakachomeka fimbo zao wakatandaza merikani. Kwa muda wa kuvuta tumbaku mara moja, maji yaliteleza juu ya nguo kama yalivyoteleza ghalani. Kisha wanga ukaanza kutoka. Ulitoka mweupe, unatiririka kama uji mwepesi kwenye mikono ya watu, kwenye ndevu zao, kwenye mawe. Na ulipokwisha kutoka, Lutonja aliinua pindo la shuka aliyokuwa ameishika mpagazi wa karibu, akaona mkono wake mwenyewe upande wa pili. Kilichobaki kilikuwa chandarua. Maji yalipita, upepo ulipita, na ile nguo ikawagandama watu miilini ikiwanyonya joto.

"Kirangozi," akasema mpagazi yule, meno yakigongana, "nguo imekwenda wapi?"

Lutonja akaiachia shuka, akaanza kutazama huku na huku katika mvua.

Hatua hamsini mbele palikuwa na mwamba ulioinama, na chini yake uwazi wa kutosha watu kumi wakikaa wamebanana. Lutonja alikimbia akautazama. Ndani palikuwa pakavu. Akageuka akaitazama mizigo, na vipipa vya baruti, ambavyo mbao zake zilikuwa zimeanza kuvimba na maji yakiingia kwenye maungio. Baruti ikilowa imekwisha kuwa tope. Na Isungwe ilikuwa imebaki na baruti ya siku tatu, pengine nne.

Watu kumi au baruti. Walikuwa arobaini, basi hata hao kumi angewachagua nani? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba hakufikiri muda mrefu hivyo. Aliona uso wa mtoto wake, basi.

"Baruti ndani!" akasema.

Nao wakatii. Mpagazi haachi mzigo wake, hiyo ndiyo heshima yake yote. Walivipanga vipipa chini ya mwamba kwa vidole visivyoweza kukunjika tena, mpaka mahali pakajaa. Upande mmoja ulibaki wazi, ule wa upepo, na mvua ilikuwa ikipuliziwa ndani. Kulihitajika kitu kisichopitisha maji cha kuziba mlango ule. Katika msafara mzima kitu hicho kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa begani mwa Lutonja.

Semkuya alikuwa amefika kutoka mkiani, amebeba mizigo miwili, wake na wa mtu aliyeanguka. Shuka yake ilikuwa imemshika mwilini, midomo imekuwa ya kijivu. Aliitazama ngozi, akamtazama Lutonja, akaelewa kila kitu.

"Mtani," akasema Lutonja. "Chukua. Chukua ngozi yako."

"Nani kakuambia naidai?" Semkuya akajaribu kucheka. "Umenyang'anya, umenyang'anya. Unataka kunivunjia utani mbele ya watu?"

"Semkuya, nakuomba."

"Ziba hapo, bwana. Nyamizi ananiita mjomba, au umesahau? Ziba."

Lutonja akaziba. Alikaza ngozi kwa mawe juu na chini, akaibana pembeni kwa fimbo yake ya ukirangozi, na ndani ya mwamba baruti ikawa salama kabisa. Kisha akarudi kwa watu, akawakusanya migongo kwa migongo, akawapiga wasisinzie, akawaimbisha, akawatukana mama zao ili wakasirike wapate moto. Usiku wenyewe sitausimulia. Aliyekuwapo hahitaji kuambiwa na asiyekuwapo hataamini. Nasema tu kwamba Lutonja alikuwa amevaa joho la sufu, na joho la sufu hata likilowa linatia joto, kama Semkuya alivyomwambia kuhusu bushuti. Na kirangozi havui joho njiani. Mazoea ya miaka kumi na minne, hata halikumjia wazo la kulivua. Lilimjia asubuhi.

Asubuhi ilikuwa nyeupe na tulivu, jua zuri la kuchukiza. Watu ishirini na tisa walisimama. Kumi na mmoja hawakusimama, na Semkuya alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameketi upande wa upepo, amewakinga wawili kwa mgongo wake, na hao wawili walikuwa hai.

Ardhi ya Ludete ni mwamba, haichimbiki. Waliwafunika kwa mawe, na kwa sanda walitumia zile shuka za merikani, laini sasa, zisizo na wanga. Mmoja mmoja alisemewa maneno yake na jamaa zake. Walipofika kwa Semkuya wote wakamtazama kirangozi. Mtani ndiye anayefukia. Mtani ndiye anayetania.

Lutonja alipiga magoti. Akasema:

"We Mzigua mvivu. Wenzako wanabeba mizigo, wewe umelala. Amka. Amka unidai ngozi yako, nitakupa. Mbele ya watu wote hawa nakuambia, nitakupa."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alingoja kidogo, kama mtu aliyeuliza swali, kisha akaweka jiwe la kwanza.

Waliteremka na mizigo ishirini na tisa ya baruti, na mingine waliyoweza kuiongeza juu yake. Kivukoni jumbe alikunjua merikani zilizobaki, akaziinua kwenye mwanga, akatabasamu kwa dharau. "Hizi mmezitoa wapi, kwa wavuvi? Mimi sivushi watu kwa matambara."

Lutonja hakubishana naye. Alivua joho lake jekundu, akalikunja, akamwekea miguuni. Hakulivua kwa Semkuya, akalivua kwa jumbe wa kivuko. Aliitazama mikono yake ikifanya hivyo, na hapo ndipo alipoanza kumchukia mtu aliyekuwa ndani ya ngozi yake mwenyewe. Jumbe alinyoosha kidole akaitaka na ile ngozi ya ng'ombe. "Hiyo si yangu," akasema Lutonja, kwa namna ambayo jumbe hakurudia kuitaka.

Waliingia Isungwe kwa mlango wa nyuma, siku ambayo wapiganaji wa boma walikuwa wakigawana baruti kwa kijiko. Siku tatu baadaye ruga-ruga waliozivamia kuta wakidhani wenyeji wamekwisha, walipokelewa kwa moto ambao hawakuutazamia, wakatawanyika na wasirudi tena. Nyamizi alikuwa hai, amekonda, macho makubwa. Alimrukia baba yake shingoni, kisha akachungulia nyuma yake.

"Mjomba Semkuya yuko wapi?"

Mpaka leo Isungwe wana wimbo wa ile baruti. Wanaimba vipipa, wanaimba manyoya ya mbuni, wanamwimba kirangozi aliyeshuka kutoka mawinguni. Watu kumi na mmoja hawamo kwenye wimbo. Shuka hazimo. Bushuti thelathini zilibaki ghalani Mwegea mpaka panya wakazila, nazo hakuna aliyeziimba. Mtemi alimpa Lutonja ng'ombe wanane, naye akawagawa kwa jamaa za waliokufa. Akakataa kuongoza msafara mwingine.

Mvua za masika zilipoanza alifunga safari peke yake mpaka Uzigua, siku ishirini na mbili, na ngozi mgongoni. Alifika kijijini kwa kina Semkuya manyunyu yakianguka, amevaa shuka moja tu. Dada mkubwa wa marehemu, Kibibi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamuru, alitoka nje akasimama mlangoni. Habari zilikuwa zimemfikia zamani, hata yale maneno ya utani ya siku ya kuondoka Mwegea.

Lutonja aliivua ngozi mgongoni, akaiweka chini kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea.

"Nilimnyang'anya," akasema. "Kwa utani. Nilitaka kumrudishia jioni."

Kibibi aliiokota ngozi, akainusa, akaikumbatia kwa mkono mmoja kifuani kwake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini hayakumwagika. Alimtazama yule Mnyamwezi aliyelowa, mrefu, amekongoroka. Kisha akapiga hatua moja, akaishika shuka yake mabegani, akaivuta kwa nguvu mpaka ikamtoka yote, akamwacha kifua wazi kwenye mvua.

"Utani huo," akasema Kibibi. "Semkuya amechukua chake kwako. Sasa lia."

Na Lutonja, aliyekuwa hajatoa chozi tangu Mgongo wa Ludete, akalia.